Chupa ya siagi ya karanga mbele ya wadhibiti: tathmini ya huduma za usalama wa chakula Dar es Salaam

Ofisi za Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ziko Ubungo, kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na ya Sam Nujoma. Mjasiriamali wa chakula wa Dar akiambiwa "nenda kasajili", huko ndiko anakoelekea. Tathmini hii inafuata bidhaa moja tu, siagi ya karanga ya chupa ya gramu 400 inayosagwa mitaani kwetu, tuone wadhibiti wanazungumzaje na anayeisaga, na wanazungumzaje na anayeipaka kwenye mkate. Karanga tumezichagua kwa makusudi. Ni biashara inayoanzishika kwa mtaji mdogo, na ndani yake kuna hatari ambayo jicho haliioni wala ulimi hauionji: sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu.

Kwanza ujue mlango ni wa nani. Kuanzia 2003 chakula kilisimamiwa na TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Sheria ya Fedha ya 2019 ikahamishia chakula na vipodozi TBS kuanzia Julai 1 mwaka huo, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Wenye viwanda walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba bidhaa moja inakaguliwa na taasisi mbili, kila moja na ada yake na sampuli yake, na kwa hilo walikuwa na haki. Kwa hiyo muuzaji akikushawishi kwamba bidhaa yake ni salama kwa kuwa "ina namba ya TFDA", anakuonyesha karatasi ya mamlaka isiyoshughulika tena na chakula.

Lakini mabadiliko yale hayakuweka kila kitu chini ya paa moja. Maziwa yana Bodi ya Maziwa, nyama ina Bodi ya Nyama, uzito wa kilichomo kwenye chupa ni wa Wakala wa Vipimo, na dawa iliyopuliziwa karanga shambani ni ya mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Mgahawa, banda la chipsi na sufuria la mama lishe viko kwa afisa afya wa manispaa yako, iwe Temeke, Kinondoni, Ubungo, Kigamboni au Jiji pale Ilala. Mlaji aliyeumwa tumbo hana sababu ya kujua ramani yote hii. Huduma nzuri ni ile inayopokea malalamiko popote yalipofikia na kuyasogeza yenyewe kwa mhusika, na hapo ndipo tunapowadai zaidi wadhibiti wetu wote kwa ujumla.

Maoni yetu tuyaseme mapema. Mazungumzo ya mdhibiti na mzalishaji mdogo yamekuwa mazuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mazungumzo yake na umma bado yanategemea mno alama iliyo kwenye lebo na picha za bidhaa zinazoteketezwa.

Tuanze na palipo pazuri. Mzalishaji mdogo anapitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapewa barua ya utambulisho, na kwa barua hiyo mwaka wa kwanza wa leseni ya alama ya ubora halipii. Kwa msaga karanga ambaye mtaji wake wote ni magunia mawili na mashine moja, hapo ndipo penye kuamua kama atajitokeza au ataendelea kuuza kwa kujificha. Maombi yanafanyika mtandaoni, na malipo, yakiwepo, ni kwa namba ya malipo ya Serikali. Hakuna sababu ya kumpa mtu fedha mkononi. Anayekuambia "nipe nikusaidie kusukuma faili" anakuibia.

Kinachochelewesha faili mara nyingi ni vitu vidogo. Jina lililosajiliwa BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, ni moja, lililo kwenye TIN, namba ya mlipakodi, ni jingine, na lililochapwa kwenye lebo ni la tatu. Mchoro wa jengo unaonyesha vyumba lakini hauonyeshi karanga zinaingilia wapi na chupa zinatokea wapi. Maelezo ya mchakato yameandikwa "tunakaanga, tunasaga, tunafungasha", bila kutaja joto, muda wala nani anachambua. Kosa la gharama kubwa kuliko yote ni kuchapisha maelfu ya lebo kabla hazijaonwa na mkaguzi. Neno moja likikosewa, mfano "inatibu kisukari" au "huongeza nguvu za kiume", mzigo wote unakuwa karatasi za kuwashia mkaa. Chakula hakiruhusiwi kudai kinatibu ugonjwa. Peleka rasimu ya lebo kwanza, hata ikiwa imechorwa kwa mkono.

Lebo yenyewe inafuata kiwango cha Afrika Mashariki EAS 38. Iwe na jina la chakula, viambato kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, uzito halisi bila chupa, jina na anwani ya mzalishaji, nchi ilikotengenezwa, namba ya toleo, yaani ya kundi la chupa zilizotengenezwa pamoja, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda wa matumizi, na namna ya kuhifadhi. Kwa siagi ya karanga ongeza mstari unaosomeka wa kuwaonya wenye mzio wa karanga, na wenye mzio wa vitu vingine kama mashine hiyohiyo inasaga ufuta au unga wa lishe. Tarehe iliyogongwa kwa mhuri wa wino juu ya plastiki yenye mafuta hufutika ndani ya siku chache kwenye rafu. Gonga kwenye lebo ya karatasi kabla ya kuibandika, au pata kalamu ya wino usiofutika na uandike kwenye kifuniko kikavu.

Ukaguzi wa jengo ndiyo hatua inayoogopwa, na kwa kiasi kikubwa inaogopwa bure. Mkaguzi anatembea kwa mpangilio unaotabirika: anaifuata karanga. Anaanza stoo. Magunia yawe juu ya chaga, yasiguse ukuta, na yakae mbali na vifungashio. Anaingia chumba cha kuchambua na kuangalia mwanga, maana huwezi kuchambua karanga chini ya taa hafifu. Anatazama juu: dari isiyodondosha vumbi, balbu yenye kifuniko ili ikipasuka vioo visiangukie kwenye beseni. Anatazama chini: sakafu inayooshika na mfereji wenye wavu. Dirishani anatafuta nyavu. Mlango wa choo usifungukie chumba cha kusagia. Pa kunawia mikono pawe na maji yanayotiririka na sabuni, pasiwe palepale panapooshewa vyombo. Ndoo zisiwe zilizowahi kubeba rangi au kemikali.

Kisha anafika kwenye mashine. Mashine nyingi za kusagia karanga za hapa mjini zimechongwa kwa chuma cha kawaida, na mawe yake ya kusagia, ambayo nayo ni ya chuma, yakisuguana bila karanga katikati yanaacha unga wa chuma. Usiiwashe tupu, usiikaze kupita kiasi ili upate ulaini, na weka sumaku pale siagi inapotokea. Ifute sumaku hiyo kwa kitambaa cheupe kila baada ya toleo, na uandike ulichokiona. Daftari la sumaku ni ushahidi mzuri kuliko maneno yoyote utakayomwambia mkaguzi.

Daftari jingine ndilo linaloangusha wengi. Mkaguzi anaweza kuchukua chupa yoyote na kuuliza karanga zake zilitoka gunia gani, na chupa wenzake zimeuzwa wapi. Hatua moja nyuma, hatua moja mbele, basi. Inatosha ukurasa mmoja kwa kila toleo: tarehe, karanga zilinunuliwa kwa nani na sokoni gani, kilo zilizoingia, kilo zilizochambuliwa zikatolewa, chupa zilizopatikana, na maduka yaliyopelekewa. Weka pia chupa mbili za kila toleo kabatini mpaka muda wake wa matumizi uishe. Siku mteja akilalamika, chupa hizo ndizo wakili wako.

Vyeti vya afya vya wafanyakazi vinapimwa upya kila baada ya miezi sita. Wengi wanavyo, ila vimepitwa na tarehe.

Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mdhibiti na mzalishaji wanapotofautiana zaidi, kila mmoja akidhani mwenzake anadanganya. Kikomo cha sumukuvu ya aflatoksini kwenye karanga na mahindi Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla, na mikrogramu 5 kwa ile aina ya B1, iliyo kali kuliko zote. Mzalishaji anapeleka sampuli, inafaulu. Miezi miwili baadaye sampuli ya sokoni inafeli. Mzalishaji anasema maabara imekosea, mdhibiti anasema mzalishaji kabadilisha karanga. Mara nyingi hakuna aliyedanganya.

Sumukuvu haisambai sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Inajikusanya kwenye punje chache sana zilizoota ukungu. Tuchukue punje moja ya nusu gramu yenye mikrogramu 50 za sumu, kiasi ambacho punje moja mbovu inaweza kukibeba. Ichanganye na kilo tano za karanga safi kabisa, na tayari umefika kikomo cha 10. Sasa chota gramu 500 kutoka katika kilo hizo tano. Uwezekano mkubwa ni kwamba punje ile haimo, na cheti kitasomeka safi. Ukibahatika kuichota, cheti kitaonyesha 100. Karanga ni zilezile. Ndiyo maana utaratibu wa kimataifa wa Codex unataka sampuli ya kilo 20 kwa shehena ya karanga zinazokwenda kusindikwa. Mzalishaji wa mtaani hana kilo 20 za kutoa, lakini anaweza kuikaribia mantiki yake.

Tumia bambo, kile chuma chenye mfereji kinachochomwa kwenye gunia, na chota juu, katikati na chini ya kila gunia. Usichote mdomoni tu, pale muuzaji alipokupangia nzuri. Changanya ulizochota zote, uzisage zote kwanza, ndipo upunguze kwa kugawa mafungu manne kwenye turubai safi na kuchukua mawili yanayotazamana, ukirudia mpaka upate kiasi cha maabara. Saga kabla ya kupunguza. Ukipunguza kabla ya kusaga, umerudi kwenye bahati nasibu ya punje ile moja. Kwa siagi iliyokwisha tengenezwa, chukua chupa ya mwanzo, ya kati na ya mwisho wa toleo.

Na acha kabisa sampuli ya kupeleka ukweni, zile karanga zilizochambuliwa mara tatu kwa ajili ya maabara tu. Cheti chake hakihusu bidhaa unayouza, kwa hiyo ada umeitupa na hatari umebaki nayo.

Kukaanga hakukuokoi. Aflatoksini inastahimili joto la kikaangio, na moto unaoimaliza ungeziunguza karanga zisilike. Kinga iko kabla ya moto: kununua kavu na kuchambua. Unyevu wa punje usizidi asilimia 7. Karanga zilizonyunyiziwa maji, ama ili zibanguke kwa urahisi, ama ili ziongeze uzito kwenye mizani, ndizo zinazoota ukungu ndani ya gunia zikiwa njiani kuja Dar. Shika punje kadhaa na uzisugue. Kavu hutoa mlio na ganda jembamba linatoka, yenye maji hunyumbuka. Baada ya kukaanga kidogo na kutoa ganda, toa zote zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizotobolewa na zenye ukungu. Wachambuaji walipwe kwa siku. Ukiwalipa kwa kilo unawalipa wasichambue.

Halafu kuna swali ambalo tungependa kila mkaguzi aliulize: zile mbovu zinakwenda wapi? Zikiuzwa kwa bei ya chini kwa mtengeneza kashata au kwa muuza chakula cha kuku, sumu haijaondoka mjini, imehamia kwa mlaji mwenye kipato kidogo zaidi. Daftari lionyeshe kilo zilizotolewa na namna zilivyoharibiwa. Mwongozo mfupi wa ukurasa mmoja juu ya hili, wenye picha, ungefanya kazi kuliko semina ya siku nzima.

Uzito wa jambo hili nchi hii inaujua. Mwaka 2016 sumukuvu kwenye mahindi iliwafanya watu 68 waugue katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Hao ni waliopata dozi kubwa kwa muda mfupi. Dozi ndogo ya kila siku haimlazi mtu hospitali leo. Inaliumiza ini kidogokidogo kwa miaka, na saratani ya ini haimwambii mtu ilianzia kwenye chupa gani. Biashara nayo inaumia. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kuingiza mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na siku chache baadaye ikafungua mlango kwa masharti, mojawapo likiwa cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya 10.

Kasoro kubwa ya upande wa mzalishaji ni lugha. Viwango vya EAS vimeandikwa kwa Kiingereza. EAS 38 ya lebo, EAS 39 ya usafi viwandani, vyote. Mkaguzi mzuri anakutafsiria kwa mdomo, akiondoka unabaki na kile unachokikumbuka tu. Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria nchini tangu 2021 na ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiwango kinachoamua kama biashara ya mama wa Mbagala itafungwa kinastahili kusomeka kwa mama wa Mbagala. Hili hatuliombi kama hisani.

Tuhamie kwa mlaji.

Alama ya ubora kwenye chupa inakuambia nini hasa? Inakuambia kwamba mzalishaji huyu, mahali hapa, kwa bidhaa hii, alikaguliwa, sampuli zake zikapimwa dhidi ya kiwango, na ana leseni inayohuishwa. Haikuambii kwamba chupa uliyoshika ilipimwa. Haihusu pia bidhaa nyingine ya mzalishaji yuleyule: leseni ya siagi ya karanga haifuniki unga wa lishe unaosagwa chumba cha pili. Na akihama kutoka Tandika kwenda Chamazi, jengo jipya linahitaji kukaguliwa upya. Maelezo haya rahisi tungependa kuyaona kwenye kuta za masoko, kwa maandishi makubwa.

Alama pia inaweza kughushiwa, kwa hiyo mlaji anahitaji njia ya kuihakiki akiwa dukani. Kenya wana utaratibu wa kutuma namba ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 na kujibiwa jina la bidhaa na mzalishaji. Unafanya kazi kwenye simu ya kitochi. Hapa kwetu unaweza kupiga simu ya bure ya TBS au kuingia kwenye tovuti yake. Ni njia halali, lakini mtu aliyesimama mbele ya rafu Manzese akiwa na mtoto mgongoni hatafungua tovuti. Jibu la sekunde kumi kwa ujumbe mfupi ndicho kipimo chetu.

Banda la TBS kwenye maonyesho ya biashara ya Saba Saba tunalipenda. Kila mwaka kwenye viwanja vya Barabara ya Kilwa maofisa wa TBS wanakaa mezani, na mtu anaweza kufika na chupa yake mkononi akaelezwa kasoro za lebo bila miadi. Nenda siku ya kazi asubuhi, kabla ya msongamano. Beba chupa, lebo na picha za jengo kwenye simu, na uliza maswali mahususi. Ukiuliza "nifanyeje nipate TBS" utapewa kipeperushi. Ukiuliza "mashine yangu ni ya chuma cha kawaida na siagi inatokea hapa, sumaku niiweke wapi" utapewa jibu.

Palipo padogo ni taarifa za hatari. Zinazotufikia zaidi wananchi ni za uteketezaji: tani kadhaa, moto, maofisa wamesimama. Picha hiyo inaonyesha kazi imefanyika, lakini mtu mwenye chupa nyumbani haimsaidii. Anachohitaji ni vitu vinne: chapa gani, namba ya toleo ipi, imeuzwa maeneo gani, na afanye nini na aliyonayo.

Majirani wametupa mifano ya kujifunza. Novemba 2019 shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilitaja hadharani chapa tano za unga wa mahindi zilizozidi kikomo cha sumukuvu na kusimamisha vibali vyake. Wenye viwanda walikasirika, lakini mnunuzi alijua aache nini dukani. Afrika Kusini, Machi 4, 2018, waziri wa afya alisimama na kueleza kwamba mlipuko wa ugonjwa wa bakteria wa listeria, uliokuwa umewapata watu zaidi ya mia tisa, chanzo chake ni soseji nene ya polony kutoka kiwanda kilichotajwa kwa jina. Hakuishia kwenye chapa. Aliwaambia watu waache pia nyama nyingine za kusindika zinazoliwa bila kupikwa, kwa sababu kwenye friji za maduka bakteria wanahama kutoka pakiti hadi pakiti. Huo ndio ushauri: una sababu yake ndani, hivyo mtu anaweza kuutumia hata kwa kitu ambacho hakikutajwa.

Ukimya una gharama pia. Desemba 2016 forodha ya Nigeria ilikamata magunia 102 ya mchele mjini Lagos na kutangaza ni wa plastiki. Maabara ilipopima ikakuta ni mchele wa kweli, ila una vijidudu kupita kiasi na haufai kuliwa. Uvumi wa mchele wa plastiki ulikwisha sambaa barani kote, na hata hapa Dar watu walirushiana video wakidundisha matonge ya wali. Tonge la wali hudunda kwa sababu ya wanga wake, na mdhibiti angeweza kulionyesha hilo kwa video ya dakika moja siku ileile. Uvumi hausubiri taarifa kwa vyombo vya habari ya wiki ijayo.

Sasa, ukiwa na lalamiko, lipeleke likiwa na meno. Usitupe chupa. Funika, iweke kwenye mfuko safi, kisha kwenye friji, bila kuongeza wala kupunguza kitu. Piga picha tatu: lebo nzima, namba ya toleo na tarehe, na tatizo lenyewe. Hifadhi risiti ya EFD, au andika jina la duka, mtaa na saa uliyonunua. Kama mtu ameumwa, andika alikula nini saa 72 zilizopita, dalili zilianza saa ngapi, na nani mwingine alikula asiumwe. Mpeleke kituo cha afya na uombe waandike kwamba mnashuku chakula, kwa sababu bila maandishi hayo tukio halihesabiki popote. Ndipo upige: TBS kwa bidhaa iliyofungashwa, afisa afya wa manispaa kwa chakula kilichopikwa. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako kabla ya kukata simu. Malalamiko mengi hufia hapo, mpokeaji hakuandika na mlalamikaji hakuwa na cha kufuatilia. Kutuma video kwenye kundi la WhatsApp bila namba ya toleo hakumwezeshi mtu yeyote kuondoa bidhaa sokoni.

Umebaki mlango mmoja ambao wenye viwanda vikubwa wanaujua na wadogo hawausogelei: maoni kwenye rasimu za viwango. Kiwango kipya hakishuki kutoka mbinguni. Kinaandikwa na kamati ya kitaalamu yenye watu wa viwanda, vyuo, maabara na walaji, kisha rasimu inatolewa kwa umma. Mwongozo wa Shirika la Biashara Duniani kwa waandaaji wa viwango unataka maoni yapokelewe kwa siku zisizopungua 60. Fomu ya maoni ina safu za kawaida: namba ya kifungu, aina ya maoni, maoni yenyewe, na maneno unayopendekeza yawekwe badala yake. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inayobeba uzito. Anayeandika "kiwango hiki kinatuumiza" anashukuriwa na kupitwa. Wasaga karanga watano wa Temeke wakikaa pamoja jioni moja wanaweza kuandika hivi: kifungu cha sampuli, maoni ya kitaalamu, sampuli ndogo ya punje haiwakilishi gunia kwa sababu sumu imejikusanya kwenye punje chache, badilisha isomeke, "sampuli ichotwe juu, katikati na chini ya kila gunia, na isagwe yote kabla ya kupunguzwa". Kamati inalazimika kulijadili neno kama hilo na kuandika imelikubali au imelikataa kwa sababu gani.